Ernestina Anakwenda Kumwona Simba

“Mwanamke anamtafuta simba wa nini?” Gidahosh aliuliza, amesimama mlangoni mwa zizi. “Watu watatucheka mpaka Basotu.”

“Watacheka, shemeji, halafu watanyamaza,” Ernestina alijibu, akajifunga shuka vizuri, akashika njia.

Gidahosh alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na tangu msiba ndiye aliyekuwa na sauti katika boma lile la Dirma. Alikuwa ameikataa safari hiyo tangu mwanzo. Akina mama wa kikundi cha ufugaji kuku walikuwa wanakwenda Hifadhi ya Tarangire kuona twiga na tembo na kupiga picha. Ernestina alikuwa na jambo lake.

Alipokuwa msichana, kaka yake Gidamuna alitoka na wenzake kumfuata simba aliyeua ndama. Vijana wale, Gidahosh akiwa mmoja wao, walirudi wakiimba. Walipakwa siagi kichwani kama mashujaa na kuzawadiwa ng’ombe. Gidamuna hakurudi. Baba yao akaamuru jina lake lisitajwe tena na mtu yeyote, na wanawake wakakatazwa kuuliza. Ernestina alizeeka bila kumwona mnyama aliyemchukua kaka yake.

Basi dogo la Kosta liliondoka alfajiri, likapita Katesh na Babati. Ndani ya hifadhi waliona tembo wakivuka mto na pundamilia wengi kama mbuzi wa mnadani. Mtalii mmoja katika gari la pembeni alielekeza kamera kwenye bangili za Ernestina. Ernestina akageuza uso. “Apige nyati,” alisema, na gari zima likacheka.

Mchana wingu zito likatanda. Xavery, dereva, akasimamisha gari.

“Mama zangu, simba haagizwi. Mvua ikitukuta kwenye udongo huu mweusi tutakwama. Turudi getini.”

“Mimi sirudi,” alisema Ernestina.

Xavery akageuka, akaanza upya kwa upole. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Sirudi.”

Benedikta, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amekua pamoja na Ernestina na aliijua habari ya Gidamuna. “Xavery mwanangu,” alisema, “kata kushoto. Tukikwama, tumekwama wote.”

Wakakata kushoto. Walikuwa wamekwenda mwendo mfupi tu walipomkuta simba, amelala chini ya mgunga kando ya njia. Alikuwa dume, mzee, mbavu zinaonekana, nzi wamemjaa usoni.

“Fungeni vioo!” Xavery aliamuru.

Wote wakafunga. Ernestina alikiacha chake wazi kidogo, kiasi cha sauti kupita. Simba akainua kichwa, akamtazama. Ernestina akasimama, hakushusha macho.

“Gidamuna,” alisema.

Benedikta akaziba mdomo kwa mkono.

“Gidamuna! Gidamuna, mwana wa mama yangu!”

Simba akanyanyuka taratibu, akaingia majanini. Ernestina akaketi, akalia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho hakuwahi kuruhusiwa kukilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mvua iliwakuta kweli. Walikwama nje ya geti, wakasukuma gari hadi matope yakawafika kiunoni.

Kesho yake asubuhi Gidahosh alikuwa anamsubiri zizini. Habari zilikwisha kufika.

“Nasikia umelitaja jina.”

“Nimelitaja. Na nitalitaja tena.”

“Nitaita wazee wakuhukumu.”

“Waite, shemeji. Mimi nitawauliza kaka yangu alikufaje, na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Wewe ulikuwepo.”

 Gidahosh akaketi kwenye jiwe. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

“Yeye alikuwa mbele. Sisi tulikimbia. Tuliporudi na kumuua yule simba, Gidamuna alikuwa amekwisha kufa.”

Ernestina akaokota kibuyu cha kukamulia. Miaka yote hiyo alikuwa akimpa maziwa mtu huyu kwa mikono miwili.

“Hayo utawaambia wazee mwenyewe,” alisema. “Kwa mdomo wako, na wanawake tukiwa tumekaa pale pale tunasikia.”

Akampita, akaenda kukamua.