Pembe za Shuka

Wodi nzima ya wanaume ilimwita Sista Pembe, na si kwa ubaya. Kwa miaka ishirini na sita hakutokea nesi wa kukunja pembe za shuka kama yeye. Akishaichomeka chini ya godoro, ilikaa hapo mpaka aichomoe mwenyewe, mgonjwa ageuke asigeuke.

Sasa magoti yalikuwa yamemchoka. Daktari alishasema kusimama kutwa nzima, basi. Matroni akampa fomu yenye visanduku viwili: kustaafu mapema, au kuhamia chuo cha uuguzi, asubuhi tatu kwa wiki, awafundishe wanafunzi kumhudumia mgonjwa kitandani.

"Ijumaa saa tisa nataka jibu," Matroni alimwambia. "Na usininunie. Mwenzako mwenye mapacha si yuko kliniki ya watoto, saa saba ameshafika kwake? Na yule mwembamba anazunguka majumbani kusafisha watu vidonda, mpaka amenenepa kwa chai za watu. Kazi yetu ina milango mingi, mwenzangu. Wewe umeng'ang'ania mmoja."

Sista Pembe akanuna vilevile. Kufundisha aliona ni kazi ya mdomo, na yeye alikuwa mtu wa mikono. Akitoka wodini, je, atakuwa nesi tena, au mama mmoja tu mwenye magoti mabovu? Swali hilo ndilo lililomnyima raha wiki nzima, ingawa nyumbani alilalamikia magoti peke yake.

Ijumaa ikafika, fomu bado tupu mezani. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa kitandani.

"Mama watoto, nakufa."

"Una mafua."

"Watu baki huko wodini ulikuwa unawaonea huruma. Mimi napewa nini?"

"Shuka safi."

Akamtandikia humo humo kitandani, kama wodini: akamgeuza upande huu, akatandaza, akamgeuza upande wa pili, akavuta. Shuka ya juu nayo akaichomeka pande zote, pembe zikakaa kali kama za bahasha. Akamgeuzia mto upande wenye ubaridi, akaenda dukani kununua ndimu.

Aliporudi alisikia sauti mbili chumbani. Akasukuma mlango. Mwanamume mmoja mnene alikuwa amepiga magoti miguuni pa kitanda, anahangaika na shuka, huku jasho likimtoka.

"Afadhali umekuja!" mumewe akasema. "Huyu ni mteja wangu, amefuata suruali. Nilitaka kumfungulia mlango, mikono ikatoka, miguu ikabaki huko chini. Nikamwita aingie mwenyewe, naye ameshindwa kunifungua!"

Yule mteja akasimama, akajipangusa mikono. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba." Akamtazama usoni. Hakumjua.

"Nilipoiona tu hii pembe nikajua niko nyumba ya nani. Nililala chini yake wiki sita." Akapandisha mguu wa suruali. Kovu refu lilishuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo.

"Kitanda cha tisa!" Sista Pembe akapiga makofi. "Cha dirishani! Umenenepa hivi?"

"Na mimi ni kitanda cha ngapi?" mumewe akauliza.

"Dawa nimezisahau zote, Sista," mteja akasema. "Ila kila alasiri, jua likinipiga, ulikuwa unakuja kunigeuzia mto, upande wa baridi. Husemi kitu, unageuza, unakwenda zako. Siku nzima nilikuwa naisubiri saa hiyo."

Sista Pembe akazipanga ndimu kwenye bakuli, halafu akazipanga tena.

"Sasa mama yangu ndiye amelala," mteja akaendelea. "Shuka zinamkunjamana mgongoni, zinamuumiza. Najaribu kukunja kama wewe, lakini wapi."

"Hebu kunja nikuone."

"Hapa? Mimi nimo ndani!" mumewe akasema.

"Tena ndiyo vizuri. Mama yake naye atakuwa ndani."

Akamwonyesha pa kuvuta ili pembe ichomoke, akavuta kigoda, akaketi. Mara ya kwanza pembe ilitoka kama furushi la nguo chafu. "Siyo hivyo, mwanangu. Inua ubavu wa shuka uuweke juu ya godoro. Kilichobaki chini, chomeka. Sasa teremsha ubavu. Polepole, mgonjwa si gunia." Mara ya pili ikawa afadhali.

"Mwalimu, ngoja kidogo, mgonjwa ana chafya."

"Aipige. Tuone kama shuka itahama."

Fundi akaipiga ya nguvu. Shuka ikahama. Mara ya tatu mteja akakunja huku ametoa ulimi kidogo, kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano. Fundi akapiga chafya mbili mfululizo. Pembe ikatulia vilevile.

"Leo mama atalala," mteja akasema taratibu. Akachukua suruali yake, akaaga akishukuru mpaka mlangoni.

Sista Pembe alibaki kwenye kigoda. Alikuwa ameketi nusu saa nzima, na magoti hayakusema lolote. Akaitazama mikono yake, imetulia mapajani. Haikugusa shuka hata kidogo, na pembe ile pale, imesimama.

"Nguo ikimbana mtu, sisi mafundi huwa tunaachia mshono," mumewe akasema, kama anayeongea na dari. "Wewe ulitaka kuitupa."

"Lala, wewe."

Akatafuta kalamu, asiione. Akachukua chaki ya buluu ya mumewe, akatia alama kwenye kisanduku cha pili, akatoka mbio mbio.

Saa tisa kasoro dakika tano Matroni aliishika ile fomu, akapuliza vumbi la chaki, akacheka.

"Hongera, Mwalimu. Keti basi tunywe chai."

Sista Pembe alikwisha kugeuka.

"Na magoti hayo, unakimbilia wapi?"

"Nyumbani! Nimemwacha mgonjwa, nimesahau kumchomolea shuka!"