Risiti za Vyumba Vitupu

Kila asubuhi Zuleica Sufo alifagia vyumba vinne ambavyo hakuna mtu aliyelala ndani yake. Alipangusa vumbi kwenye viyoyozi, akafungulia bomba za bafuni ili maji ya kutu yatoke, akanyoosha mashuka ambayo hayakuwa na mkunjo. Mkataba ulimtaka aviweke vyumba tayari wakati wote, na ulimkataza kumpangishia mtu mwingine. Kampuni iliyoandika mkataba huo haikujitwisha mzigo wowote, au kama ilijitwisha, basi ni kwenye ule ukurasa wa Kireno ambao hakuna aliyemsomea.

Kampuni hiyo ililaza na kulisha wafanyakazi wa gesi. Mwanzoni mwa 2013, mji wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, ulipopandwa na wazimu wa gesi na kila mwenye banda akajiona mwenye hoteli, Zuleica aliuza minazi aliyoachiwa na marehemu mumewe, akakopa benki kule Pemba, makao makuu ya mkoa, akajenga. Zeca, mwakilishi wa kampuni, alivipanga vyumba vyote kwa miaka miwili. Akalipa miezi mitatu. Mwezi wa nne wafanyakazi wakahamishiwa kambini, kwenye makontena yaliyozungushiwa uzio, na Zeca akabaki na neno moja tu: "Subiri." Mwaka wa kwanza wa mkataba ukaisha hivyo. Benki ya Pemba haikulijua neno hilo.

Siku moja ya Machi aliitwa ofisi ya kodi ya mapato. Alifika saa moja. Ofisa, kijana wa Maputo aitwaye Francisco, alifungua mlango saa tatu na nusu, akapanga kalamu zake mezani kama daktari anayejiandaa kupasua mtu.

"Dona Zuleica, umepokea kodi ya pango ya mwaka mzima, hukutangaza hata metikali moja."

"Nimepokea miezi mitatu, bwana chefe. Mingine tisa sijaiona."

Francisco akamsogezea risiti kumi na mbili zilizowasilishwa na kampuni, moja kwa kila mwezi. Kila moja ilikuwa na sahihi ya wino wa bluu, yenye mikia mirefu kama ya mtu aliyemaliza chuo kikuu.

"Hii si yangu," Zuleica alisema. Akatoa kitambulisho chake. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba. Jina lake aliweza kuliandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, lakini serikali ilizitazama herufi zile ikaandika kwamba hajui kusaini.

Francisco alikitazama kitambulisho kwa muda mrefu. Aliona. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

"Labda ulimtuma mtu akusainie," alisema.

"Nani?"

"Hilo si langu. Mimi nafuata karatasi. Karatasi zinasema vyumba vina watu na umelipwa."

"Basi toa hata gharama kwenye hesabu hiyo. Saruji, mabati, riba ya benki." Akamwekea stakabadhi za saruji, zilizokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

Francisco alizigusa kwa ncha ya kalamu. "Hizi ni za Mtwara. Za Kiswahili. Hazitambuliki."

Nusu ya Palma ilijengwa kwa saruji ya Mtwara, pamoja na ukuta aliouegemea Francisco.

Kutoka pale Zuleica alikwenda moja kwa moja kwa Zeca. Alimkuta mgahawani, anavunja miguu ya kamba-koche kwa meno.

"Nani alisaini risiti zangu?"

"Ah, mama, huo ni utaratibu wa ofisi tu. Makao makuu Maputo wanataka hesabu zifungwe." Akajifuta vidole kimoja kimoja. "Tuelewane. Weka dole gumba hapa, kwamba umepokea fedha zote. Leo hii nakupa za miezi miwili, mkononi."

"Na hizo nyingine ziko wapi?"

Zeca alicheka. Alikuwa na saa mpya na gari jipya.

"Ukikataa, nasema umevunja mkataba. Hupati hata hiyo miwili."

Miezi miwili ingetosha kuinyamazisha benki mpaka Ramadhani. Zuleica aliitazama ile karatasi, akaitazama na midomo ya Zeca inayong'aa mafuta.

"Sema nimevunja," akamwambia, akainuka.

Alipitia kituo cha afya. Inês, muuguzi kutoka Mueda, alikuwa akilala kwenye stoo ya dawa na wenzake wawili, kwa sababu mshahara wake haukuweza tena kulipia hata chumba cha udongo mjini. Zuleica akamkabidhi funguo tatu, wake na za wenzake. "Nilipe unachoweza." Mpaka alasiri vyumba vitatu vilikuwa na watu, na kamba ya nguo ilijaa.

Jua lilipokuwa linazama Francisco alikuja, begi begani.

"Nasikia unapangisha," alisema, sauti ya chini. "Miezi mitano nalala juu ya meza ofisini. Posho yangu ya nyumba hapa haipati hata banda la kuku. Nipe kile kimoja. Bei ya kawaida, bila risiti. Tunasaidiana."

"Vimejaa, chefe."

"Mbona kile cha mwisho naona mlango wazi?"

"Wewe unaona mlango. Karatasi zako zinasema kuna mtu wa kampuni ndani, na amelipa. Nikikuweka wewe, nitakuwa nimepangisha chumba kimoja mara mbili."

Akaufunga ule mlango, akazungusha ufunguo mbele ya macho yake.

Hati ya faini ya kutotangaza mapato ilifika kesho yake saa mbili asubuhi. Haikuwahi kutoka karatasi ofisini mle kwa haraka namna ile. Faini ilitakiwa wiki hiyohiyo, na kodi yenyewe ya serikali kabla ya mwezi kwisha. Zuleica aling'oa kiyoyozi cha chumba cha nne, akakiuza, akaenda kulipa faini.

Francisco alihesabu noti mara mbili. Kisha akainama karibu na dirisha la malipo, akauliza kama kile chumba bado kiko wazi.

Zuleica alinyoosha mkono dirishani. Alisimama pale, akisubiri chenji yake.