Ndugu wa Kuchangia Damu

"Mimba ya miezi mingapi, mama?" Muuza nyanya wa soko la Majengo aliniuliza hivyo, nikamwachia nyanya zake. Mimba gani! Uvimbe ulikuwa umejaa kwenye kizazi, tumbo limetokeza, na mtoto sina hata mmoja.

Daktari wa kwanza alitaka kutoa kizazi chote. Nikamwambia hiki ni changu, dukani hawauzi kingine. Wa pili alikubali kutoa uvimbe tu, kizazi kibaki.

"Lakini utavuja sana, Bi. Bupe," alisema. "Ndugu yako aje kuchangia damu. Nikikosa damu ya kukuongezea, nitalazimika kukitoa nikuokoe wewe."

Ndugu! Kwetu ni Tukuyu. Dodoma nimeletwa na uhamisho, napiga chapa ofisi ya Bunge, na kikao kilikuwa kimekwisha, wenzangu wote wametawanyika. Nikampigia simu mume wangu Sostenes, ambaye tangu apunguzwe kiwandani anauza mitumba Dar. Akasema, "Nakuja."

Siku yenyewe ya kupasuliwa nilikaa kwenye benchi la wodi, macho getini. Kila mwanamke alikuwa na mtu wa kumshikia kanga. Mimi nilijishikia zangu. Saa ya mabasi ya Dar ikapita, Sostenes hayupo. Upweke uliniuma, jamani, nikatamani hata mtu wa kugombana naye.

Akatokea Mwanahawa. Huyu ni jirani yangu, Mrangi wa Kolo, na hatukuwa tunasalimiana tangu aliporuka foleni ya bomba akatanguliza ndoo yake. Asubuhi aliniona nikitoka peke yangu na beseni na kanga, akajua naenda kulazwa; na mlangoni nesi alimwambia sijapata mtu wa kunichangia damu.

"Damu wanatolea wapi?" akauliza, akikunja mkono wa gauni. "Na usinishukuru. Ndoo yangu ilikuwa mbele tangu alfajiri."

Nilipozinduka nilimshika nesi mkono. "Kipo?"

"Kipo. Bila damu ya yule dada tungekitoa."

Nililia mpaka mshono ukauma.

Sostenes alikuja siku ya tatu, na zabibu kwenye mfuko wa rambo. Eti biashara ilimbana. Akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Sasa nani alikuchangia damu?"

"Ndugu yangu."

Akacheka kidogo. "Acha utani, Bupe. Wewe Dodoma huna ndugu."

Kumbe alijua. Alijua siku zote, na hakuja.