Makofi ya Tuwan

...na maikrofoni ikakataa tena, ikakohoa mara mbili ikanyamaza, fundi akamwomba Mwalimu asubiri kidogo, akainama chini ya meza kutafuta waya uliolegea, na Lenah Nakhumicha akabaki amesimama mbele ya ukumbi wa kanisa, hapo Bungoma mjini, wanawake kama mia mbili wakimtazama, wala hawakunong'onezana, wamekaa tu na mikoba mapajani kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari, akawaza kwamba heri wangepiga kelele, kelele angezituliza, hakufundisha darasa la nne miaka thelathini na moja bure, lakini kimya hiki... mwezi jana tu ukumbi huuhuu ulikuwa unatetemeka, wamejifunga leso za manjano zenye sura ya Wakoli, mgombea ugavana, wakimwimba Wakoli gavana wetu, na yeye Lenah ndiye aliyewakusanya, kata kwa kata, kikundi kwa kikundi, leo hamna hata leso moja humu ndani, zote zilirudishwa ofisini kwake, na kilichomuuma ni kwamba hawakuzitupa wala kuzichoma, walizifua, wakazipiga pasi, wakazirudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani aliyekosana naye, wa kwanza akiwa Hasina, muuza nguo wa karibu na msikiti, aliyekuwa amemletea akina mama wote wa upande ule, aliweka mzigo mezani akasema, "Mwalimu, dada yangu ana miaka tisa kwa ndoa na hana mtoto. Hii leso nitaivaa nikienda kwake namna gani?" na Lenah, badala ya kumjibu, alimwuliza kama atakunywa chai, chai gani sasa, mtu amekuletea kidonda chake wewe unamwambia chai...

Siku nane zilikuwa zimepita tangu Jumamosi ile ya Kitale, mtaani Tuwan, walikokwenda kuwaomba kura watu wa Bungoma wanaofanya kazi kule na kurudi nyumbani kupiga kura, jua kali, Wakoli amesimama juu ya gari, ameshangiliwa mpaka shangwe imempanda kichwani, na mtu aliyelewa shangwe ulimi wake hauna mwenyewe, akaanza kumtaja mpinzani wake, Viola Chemutai wa Cheptais, wakili, mwanamke ambaye Lenah alimheshimu kimoyomoyo, akasema, "Huyu mama hajawahi kubeba mtoto hata mmoja. Kaunti ataibeba na nini?" umati ukaangua kicheko, simu zilikuwa juu, na kabla magari hayajarudi Bungoma yale maneno yalikuwa yameshafika, yakalala katika kila nyumba, Jumapili wahubiri wakayasema bila kumtaja mtu, Jumatatu mabango yakaanza kuchanwa, Jumatano huko Chwele viti vilikuwa vingi kuliko watu, naye Viola hakujibu neno, na kunyamaza kwake kukamletea wafuasi kuliko mikutano yake yote, Wakoli akaenda redioni akaomba msamaha, ule msamaha wa kusema ikiwa kuna mtu aliumia, kana kwamba kuumia ni uvumi... ndipo leo asubuhi akaja nyumbani kwa Lenah, peke yake, bila walinzi, akaketi kwenye kiti cha marehemu Khaemba, kiti ambacho tangu mazishi ya mume wake hakuna mgeni aliyekikalia, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, si wewe mwenyewe Mungu hakukupea. Ukiwaambia wewe haikukuuma, nani mwingine ataendelea kulia?" alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliokata, Lenah akaitikia, sawa, nitasema, ameitikia mambo mengi namna hiyo maishani, akiitwa Mwalimu pale ambapo wenzake wote wanaitwa Mama fulani, wanamwita hivyo kwa heshima, anajua, na kila wakimwita hivyo anasikia jina wanalolikwepa...

fundi akasema dakika moja tu Mwalimu, maiki inakuja... na pale mstari wa mbele Wakoli alimtazama akamwashiria kwa kichwa kidogo, endelea, usiogope, macho yaleyale, ee Mungu, macho yaleyale aliyoyaona kwenye kioo cha gari mwaka ule, maana Wakoli hakuyasikia haya kwa watu, alikuwepo, yeye pekee alikuwa na gari kati ya marafiki wa Khaemba, ndiye aliyewakimbiza hospitalini Lugulu mvua ikinyesha, mimba ya tatu baada ya mbili kutoka, Lenah kwenye kiti cha nyuma ameuma kitambaa, Wakoli akiendesha na kulia waziwazi, akisema vumilia shemeji, tunafika, na mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Nafula kwa kuwa alikuja na mvua, akaishi kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, alikuwa na nywele nyingi, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimejikunja kama cha baba yake, hakuna aliyemwona ila watu watatu na wauguzi, na Khaemba alipoketi chini pale kaburini, nyuma ya jiko, Wakoli ndiye aliyechukua kile kisanduku akakibeba peke yake kama mtu anayebeba maji asiyetaka yamwagike, na mtu huyohuyo, mikono hiyohiyo... amesahau? akawaza, akamtazama tena, akaona kwamba hakusahau hata kidogo, ndiyo maana alikuja kwake asubuhi, alijua kilipozikwa kitu akaja kukifukua akitumie, na Lenah alidhani hasira ingempanda, haikupanda, kilichopanda ni huzuni nzito, kwa sababu kule Tuwan, umati ulipocheka, yeye alikuwa nyuma ya Wakoli juu ya gari, na akapiga makofi... mikono ilijipigia yenyewe, kwa mazoea, alijiambia hivyo siku nane zote, mikono tu, lakini ile video inamwonyesha, Hasina aliiona, wanawake hawa wote wameiona, ndiyo maana hawamtazami Wakoli, wanamtazama yeye, si maelezo ya Wakoli waliyokuja kuyasikia, wamekuja kumwuliza yeye Mwalimu alikuwa akishangilia nini, na akisema haikuniuma atakuwa amesema hakuna mtoto aliyepita, hakuna Jumanne wala Alhamisi, pale nyuma ya jiko hakuna kitu, na hilo, hata kwa ugavana wa dunia nzima... kwani nani alimwambia hakubeba, alibeba watatu, mmoja mpaka akamsikia analia.

Fundi bado yuko chini ya meza, mtu anakohoa nyuma, Wakoli anatazama saa, wanawake hawajasogea, na Lenah hatafuti tena namna ya kulisema lile aliloombwa kulisema, atawaambia alipiga makofi, atawaambia na kwa nini yale maneno yalimuuma, Wakoli na aangukie atakapoangukia, mdomo umefumba na ulimi unajaribu taratibu jina ambalo hajalitamka kwa sauti miaka ishirini na sita, Na-fu-la, mara moja, mara ya pili, aone kama anaweza kulifikisha mwisho.