Mkate wa Mama Tanuri Kuitwa Keki

Afisa wa kodi alipoonja mkate wake na kumwambia kwamba huu si mkate, hii ni keki, Mama Tanuri alishukuru. Jamani, alishukuru! Miaka ishirini anaoka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake, na leo serikali nzima imekuja kumsifu. Alimkatia kipande cha pili na kumsindikiza hadi barabarani.

Wiki iliyofuata ikaja barua, ndipo akajua amevikwa kilemba cha ukoka. Mkate hautozwi kodi ya mauzo kwa kuwa ni chakula cha kila mtu, lakini keki ni anasa na inatozwa. Mwaka ule unga ulishapanda bei mara mbili, mafuta ndiyo usiseme. Kama kodi ingeongezwa juu ya hayo, mafundi wa gereji na wauguzi wa zamu wanaopitia kwake alfajiri wasingeuweza tena mkate wake, na tanuri lingezimika. Akapinga, akapewa siku ya kusikilizwa.

Mdogo wake, mwanamke mjanja kama nini, akampa akili: siku hiyo aoke mkate mbaya. Aunyime maziwa, aunyime sukari, auache motoni hadi uwe mgumu. Nani atauita keki?

"Mkono huu upeleke takataka mbele za watu?" Mama Tanuri alifoka. Hasira ilimpanda, na hofu pia, maana alijua fika kwamba ukaidi wake ungeweza kumfungia kazi. Hata hivyo asubuhi ile alioka kama siku zote. Tuseme kweli, alioka vizuri zaidi.

Ofisini walikaa watatu wa kumsikiliza, mkuu wao mama wa makamo mwenye miwani. Yule afisa akasoma vipimo vyake vya sukari, maziwa na ulaini. Vyote vilikuwa kweli tupu, na Mama Tanuri hakukana hata kimoja. Akakata mkate wake, akawagawia.

Mkuu alifika nusu ya kipande, akamwita karani na kumwomba chai. Wenzake wakasema na wao waletewe.

Mama Tanuri akasimama. "Keki ingeisha mikononi mwenu bila chai," alisema. "Hiki ni chakula, ndiyo maana mmeomba chai, mkae mshibe."

Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akauliza jambo moja: kama ni mkate wa kila siku, wa watu wa kawaida, mbona ameufanya mtamu namna hii?

"Kwani asiye na pesa hana ulimi?"

Mkuu hakucheka tena. Alifuta neno keki kwenye karatasi, akaandika mkate, akapiga muhuri. Mama Tanuri alitoka pale kifua mbele, na uliobaki akawaachia wamalizie na chai yao.