Kigoda cha Tume

Serikali ilipowakumbuka wazee, iliwakumbuka wote asubuhi moja, redioni, kati ya matangazo ya vifo na matokeo ya mpira. Mtangazaji alisoma kwamba idadi ya wazee inaongezeka dunia nzima, kwamba nchi haitakaa ikisubiri kuzidiwa, na kwamba kuanzia Jumatatu gari lolote lenye mzee ndani litapewa foleni yake ya pekee kwenye vituo vya mafuta. Basi, akaweka muziki. Dawa za presha hazikutajwa, pensheni haikutajwa. Lakini katika Bujumbura ya siku hizo, ambapo magari ya watu yalikuwa yamegeuka mahali pa kuanikia nguo kwa kukosa mafuta, amri ile ilipokelewa kwa vigelegele.

Bi Asiya aliisikia akiwa nyumbani kwake Buyenzi, anachambua maharage, wala hakuishughulikia. Yeye gari hakuwa nalo. Alikuwa na mwana mwenye gari, na hilo ni jambo lingine kabisa. Faruk alikaa Kibenga, kule kwenye nyumba zinazotazama ziwa, na mjini alikuwa na duka la vipuri. Kutoka Kibenga hadi Buyenzi hata mbuzi kilema angefika kabla ya adhuhuri, lakini Faruk alifika Idi hadi Idi, na hata hiyo Idi hakukaa. Alisimama mlangoni akiuchezesha ufunguo wa gari mkononi, akauliza hali, akaacha sukari, akaondoka. Majirani walipouliza, Bi Asiya alisema mwanawe ana kazi nyingi. Alikuwa amelisema neno hilo mpaka mwenyewe amelichoka.

Jumatatu ile, chai haijapoa, Faruk huyo hapo mlangoni.

“Mama, vaa viatu, tuende.”

Bi Asiya akashika kifua. “Ni nani amekufa?”

“Apana, mama. Esansi imekuya, mafuta!”

Hakuwa peke yake aliyekumbukwa. Jua halijawa kali, mji mzima ulikuwa umeopoa wazee wake. Mabibi walioachwa huko milimani walishushwa mjini wakiwa bado na majembe mkononi. Wajukuu waliokuwa hawasalimiani walikunjana mashati wakigombea babu mmoja. Mzee Yahaya, jirani wa Bi Asiya, mtu asiye na mtoto wala mpwa, ghafla akawa na ukoo. Alipanda gari hili asubuhi, lile adhuhuri, na akaanza maringo: gari lisilo na redio hapandi, na asipoletewa mishikaki anatishia kushuka na kutembea wima mbele ya askari.

Ikawa sasa kila gari lina mzee. Foleni ya wazee ilitoka kituoni, ikazunguka mzunguko wa barabara, ikapotelea mbali. Ile ya kawaida haikuwa na mtu, lakini askari walikataa katakata kuihudumia kabla wazee hawajaisha, na wazee hawakuisha.

Wenye haraka walilia. Bi Asiya alifurahi, na niseme waziwazi, alifurahi kama ambavyo hakuwa amefurahi tangu azikwe mumewe. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, mtandio mzuri kichwani, thermosi ya chai ya tangawizi miguuni, samaki wadogo wa ndagala wa kukaanga wamefungwa kwenye kitambaa, na pembeni yake mwanawe ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Gari lilikuwa limezimwa. Ufunguo haukuwa na kazi.

Siku ya kwanza Faruk alizungumza na simu. Siku ya pili simu ikaisha moto, akazungumza na mama yake. Alimwambia duka linayumba, jambo ambalo mkewe hakulijua. Mama naye akamweleza jinsi baba yake, fundi hodari wa Buyenzi nzima, alivyowahi kufungua injini ya watu akashindwa kuifunga, akajificha chini ya kitanda mwenye gari alipokuja. Faruk alicheka mpaka akagonga honi kwa paji la uso. Mchana alilala, mdomo wazi, kichwa kimeangukia bega la mama, vilevile alivyokuwa akilala utotoni. Bi Asiya hakulisogeza bega lile mpaka likafa ganzi, na hata hapo hakulisogeza. Mafuta yalipokwisha kituoni kabla hawajafika, alisema maskini, kwa sauti ya huzuni kabisa, huku moyoni akipanga atapika nini kesho.

Serikali nayo haikulala. Ilipigiwa simu kwamba kuna wazee wa uongo, na kweli walikuwepo. Kijana mmoja wa Kinama alikamatwa na unga wa muhogo kichwani na nguo ya bibi yake kiunoni. Ikaundwa Tume ya Kuthibitisha Uzee. Vitambulisho havikuisaidia, maana wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia, na Tume haikutaka kukisia. Ikatafuta kipimo cha kitaalamu. Baada ya mikutano mingi, yenye fanta na sambusa, kipimo kikapatikana: kigoda cha jikoni. Mtu anakaa. Anaambiwa anyanyuke bila kushika kitu. Akishindwa, ni mzee. Akinyanyuka, ni tapeli.

Kwa kipimo hicho Bi Asiya alikuwa mzee wa uhakika. Nyumbani kwake hakunyanyuka pasipo kushika mlango kwa mkono huu na jina la Mungu kwa ule.

“Mama, usijikaze,” Faruk alimfundisha garini foleni ilipokaribia turubai la Tume. “We ukae tu. Ukishindwa, c'est bon, tumemaliza.”

Mkuu wa Tume alikuwa Pontien, mtumishi wa wizara mwenye tai ndefu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameangalia watu wakishindwa kunyanyuka na ameanza kuwaonea gere. Mezani kwake palikuwa na vibandiko vya kijani.

“Karibu, mukecuru,” alisema, kwa heshima ya bibi kizee. “Ukishindwa kusimama hapa, tunabandika hii ku kioo ya gari. Gari inapita mbele moja kwa moja. Dakika moja, esansi.”

“Na mi nitakuya tena lini?” Bi Asiya akauliza.

“Apana kuya tena! Gari yenyewe ndiyo itakuwa muzee, siku zote. We serikali imekuonea huruma, utapumuzika nyumbani.”

“Umesikia, mama?” Faruk alisema, na uso wake uling'aa, kwa sababu alidhani kweli anampa mama yake habari njema. “Utapumuzika!”

Bi Asiya akakiona chumba chake. Redio. Maharage. Kiti cha marehemu ambacho hakuna anayekikalia. Akamtazama mwanawe: kidole kilikuwa kimeshaanza kuuchezesha ule ufunguo.

Akashushwa kigodani. Watu wa Tume wakakaa tayari, mmoja ameshabandua karatasi ya nyuma ya kibandiko.

“Simama, mukecuru.”

Bi Asiya alikunja mikono kifuani. Magoti yalilia mpaka askari wa nje akageuka. Kamba zote za shingo zilimtoka, jasho likamshuka, na pole pole, bila kushika meza wala mtu, akapanda, akapanda, mpaka akawa wima kabisa, macho yamemkodoka.

Pontien aliusogelea uso ule wenye makunyanzi, akautazama, kisha akakitazama kigoda. Macho yake yaliona bibi kizee, lakini kipimo kilikuwa cha Tume.

“We ni kijana!” alifoka. “Haya huna? Mutoto wa juzi unakuya kuibia wazee! Rudi mwisho ya mulongo!”

“Unisamehe, patron,” Bi Asiya alisema. “Ujana ulinizidi nguvu.”

“Mama!” Faruk alishika kichwa. “Mama, umefanya nini?”

Bi Asiya alitembea hadi garini kwa hatua ndogo, nyuma watu wakimsindikiza kwa miluzi.

Gari lilikuwa kavu, kwa hiyo Faruk alilisukuma, huku mama yake ameshika usukani. Waliwapita wazee wa kweli na wazee wa uongo. Walimpita Mzee Yahaya akila mishikaki, akawapungia kijiti. Foleni haikwisha. Iliingia mitaa ya ndani, ikakata kona, ikaingia Buyenzi, na Faruk, shati limemganda mgongoni, alipoliona gari la mwisho akainua uso, akakuta wamesimama mbele ya mlango wa mama yake.

Alifungua mlango wa gari. “Shuka, basi.”

“Siwezi.”

“Namna gani hauwezi?”

“Miguu imekatala, Faruk. Ile ilikuwa ya mwisho.”

Faruk akamshika chini ya mikono ili amnyanyue, na hapo akayasikia magoti yakitetemeka bila kukoma. Alibaki ameinama vivyo hivyo, amemkumbatia mama yake nusu ndani nusu nje ya gari, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

“Ungeniambia tu, mama.”

“Ningekuambia lini? Ulikuwa unasimama kwa mulango.”

Akambeba ndani, yeye na thermosi yake, akamketisha. Kisha akaangalia huku na huku kama mgeni, akauweka ufunguo juu ya redio, akavuta kiti cha baba yake, akakaa. Bi Asiya akaanza kumimina chai iliyobaki.

Nje foleni ilisogea. Magari yaliyokwisha kujipanga nyuma yao yakaanza kupiga honi, moja, kisha yote pamoja.

“Wanakuita,” Bi Asiya alisema.

“Wapite,” Faruk alisema, akanyoosha mkono kupokea kikombe.