Saa Kifuani mwa Fundi

Fundi saa aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, na kufika saa tisa binti yake alikuwa ameshahesabu vigae vya ukumbini mara sita. Mama hakuhesabu kitu. Alinuna tu.

Alikuwa na haki ya kununa. Kaswende ya ujanani, iliyojikalia kimya mwilini miaka thelathini na ushei, ilikuwa imeutafuna mshipa mkuu wa moyo wa mumewe hadi ukatuna kama tyubu iliyochoka, na vali yake ikawa haifungi. Fundi alipotakiwa amwambie mkewe, ili naye apimwe, alisema huku akitazama viatu vyake. Mama akapimwa, akakutwa mzima. Asubuhi ile, kitanda kikisukumwa, alimwinamia.

"Baba watoto, usithubutu kufa. Hata kukugombeza sijaanza."

Saa kumi daktari akatoka, kofia imelowa jasho. Kipande kibovu wamekikata, wameunga bomba la kitambaa lenye vali ya bandia, na moyo umekubali kupiga wenyewe. Kilichobaki ni mzee kuamka.

Kesho yake mchana binti akavalishwa gauni la hospitali, akaruhusiwa kuingia. Saa na simu huachwa mlangoni, ndiyo sheria ya chumba kile. Akakaa, akatega sikio kama alivyofundishwa dukani, maana baba yake hafungui saa kabla hajaisikiliza.

Ti, ti, ti.

Uso ukamwiva. Mzee kaingiza saa! Akapapasa chini ya mto, akainua shuka, hakuna kitu. Ikabidi amwite muuguzi na kumwombea baba yake radhi.

Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta. "Saa yenyewe iko kifuani, dada. Hiyo ni vali yake."

Binti akainama tena. Haikuruka hata pigo moja. Moyo wake yeye ndio uliokwenda mbio.

"Inakwenda, mama," alisema. "Inakwenda sawasawa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili wakakitazama kidole cha mgonjwa. Dukani, saa ikipona, fundi huigongea meza kwa kidole mara mbili, ndipo inarudi kwa mwenyewe.

Kidole kikagonga chuma cha kitanda. Wakangoja.

Kikagonga tena.

Mama akavuta kiti, akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Haya," akasema, "sasa nisikilize."